Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Siku hizi umezuka mtindo wa watu kusafiri na nyumba zao. Mtu hununua gari kubwa, akalitengeneza ndani, akatia kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji na pampu yake, na taa ziwakazo kwa betri. Humo hulala, humo hupika, humo huoga, na kukicha hutia ufunguo akaenda zake. Wazungu wana majina mengi ya chombo hicho; mimi nitakiita gari-nyumba, na msomaji atanielewa. Zamani tulikuwa tukiyaona yakishuka kwenye feri ya Likoni, wenyewe wageni kutoka Ulaya waelekeao Diani. Sasa hata vijana wetu wa Mombasa na Nairobi wameanza kuyatamani, na mafundi wa kuyatengeneza hawakosekani.

Sina ugomvi na raha ya mtu. Aliye na uwezo na atembee, aone nchi ya Mola wake. Lakini ninalo neno, nalo ni hili: nyumba isafiriyo haipimwi kwa wingi wa vyombo vilivyomo. Hupimwa kwa jambo moja tu, kwamba mwenyewe aweza kuitengeneza pale pale iharibikapo. Kwa kipimo hicho, nyumba ya safari iliyo bora kuliko zote katika nchi yetu haina magurudumu. Yafumwa kwa mikono ya wanawake huko Wajir na Garissa, yapakiwa mgongoni mwa ngamia, na sisi tujionao tumestaarabika twapita njiani tukiiita kibanda. Nayo i karibu kutupotea.

Tuanze na asili ya haya magari. Mwaka 1885 daktari mmoja aliyestaafu katika jeshi la majini la Uingereza, William Gordon Stables, aliagiza kiwanda cha Bristol kimtengenezee behewa la kuishi, livutwe na farasi wawili. Alilipa jina la Wanderer, yaani Mzururaji, na katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata alilifananisha na chombo cha baharini kitembeacho nchi kavu. Msomaji wa pwani asicheke, maana na sisi tangu zamani ngamia twamwita jahazi la jangwani. Ila daktari huyo hakusafiri peke yake. Alikuwa na mtu wa kuongoza farasi, na mtumishi mwingine aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kumwangalizia njia. Hivyo tangu mwanzo nyumba hii ya starehe ilihitaji watu wa kuihudumia. Leo watumishi hao hawaonekani, lakini wapo: ni fundi wa betri, fundi wa gesi, fundi wa friji na muuza vipuri. Wako mjini, nawe uko porini.

Na tulitazame hilo friji, kwa kuwa ndilo lisumbualo zaidi. Mengi ya magari-nyumba hutumia friji la gesi, ambalo asili yake ni kazi ya wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mnamo mwaka 1922. Ni werevu mkubwa. Halina mota wala kitu chochote kizungukacho ndani yake. Moto mdogo wachemsha dawa iitwayo amonia iliyochanganywa na maji, mvuke wapanda, wapoa, wateremka tena kwa uzito wake wenyewe, na katika mzunguko huo wachukua joto lililomo ndani ya sanduku. Lakini kwa kuwa maji yale huteremka yenyewe bila ya kusukumwa, friji lataka lisimame sawasawa. Likiinama, maji hukwama katika mabomba, na baridi hukoma. Tena joto la nje likizidi sana, nguvu zake hupungua. Basi chombo hiki kilichobuniwa katika nchi ya theluji chataka mambo mawili: uwanja uliolala sawa na hewa isiyo kali. Sasa kipeleke Hadado.

Hadado ni mji mdogo ulioko magharibi ya Wajir. Mtu atokaye kwetu hufuata mto Tana hadi Garissa, akapita Modogashe, akapita Habaswein, mji ambao jina lake kwa Kisomali maana yake ni vumbi jingi, akafika Wajir ndipo akageuka kuelekea machweo. Nchi yake ni ya mchanga na miiba, na imekatwa na makorongo makavu ambayo wenyeji huyaita laga. Mwaka wao una misimu minne. Gu ndiyo masika yetu. Hagaa ni miezi ya ukavu na upepo wakati sisi tuna kusi. Deyr ndiyo vuli. Jilaal ni kiangazi kikali cha kuanzia Januari, nasi wakati huo tuna kaskazi. Mawingu yao ni mawingu yetu, yote hutoka katika Bahari ya Hindi. Tofauti ni kwamba kwetu mvua huja na kutulia, na kwao huja kwa ghafula kama mdai, ikachukua chake na kuondoka.

Niliyaona hayo kwa macho yangu mnamo Oktoba 2019. Mwaka huo upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto lipitalo kiasi, na vuli ikatoka kwa nguvu zisizo za kawaida katika Afrika Mashariki yote. Nilifuatana na rafiki yangu, mwana wa pwani aliyefanya kazi Ghuba miaka mingi, akarudi na gari-nyumba lake. Yeye alitaka kuona nchi. Mimi nilitaka kusikia mashairi ya Kisomali katika vinywa vya wenyewe. Mwalimu mmoja wa madrasa wa hapo Hadado alikubali kuwa mkalimani wetu, Mungu amjaze kheri.

Tulisimama nje ya mji, karibu na nyumba tatu za wafugaji zilizotua juu ya mwinuko mdogo wa changarawe. Mahali penyewe palikuwa na mteremko kidogo, na kufika adhuhuri friji lilikuwa limekwisha kupoteza baridi. Nyama ni kitu cha kutupa, si neno. Lakini rafiki yangu ni mgonjwa wa sukari, na chupa zake za insulini zilikuwa humo humo. Insulini haipendi joto, na joto la Hadado mchana ule lilikuwa la kukaushia papa. Akatafuta uwanja uliolala sawa, akauona chini, kando ya laga, akateremsha gari lake huko. Bibi mmoja, mwenye nyumba mojawapo kati ya zile tatu, alikuja na fimbo yake akasema na mkalimani. Mwalimu akatueleza, “Sheikh, mama asema pale mlipo ni mapito ya maji. Wingu la jana lilikuwa magharibi.” Rafiki yangu alimshukuru kwa adabu. Alijibu kwamba friji halifanyi kazi mahali pengine, na dawa ni uhai wake. Hakuwa na la kufanya, masikini. Chombo kilikuwa kimekwisha kumwamulia.

Usiku ulianza kwa upepo wa vumbi, kisha ngurumo, kisha mvua yenye matone mazito kama kokoto. Turubai la ubavuni, lile la kukalia kivulini jioni, liling’olewa pamoja na vyuma vyake, hatukuliona tena. Maji yakaingia kwa tundu la hewa lililo juu ya paa. Hapo laga nalo likateremka. Aliyezaliwa pwani ajua sauti ya bahari, lakini sauti ile ya maji yajayo katika korongo kavu gizani ni nyingine kabisa. Kufumba na kufumbua yalikuwa magurudumuni, halafu yakafika kwenye betri zilizofungwa chini ya sakafu. Fyuzi ikakatika. Taa zikazimika, pampu ikazimika, friji likazimika. Tulitoka na nguo zetu za mwilini na mfuko wa dawa, tukapanda mwinuko kwa miguu, na yule bibi alikuwa amesimama mlangoni na tochi ya sola mkononi.

Ndani mlikuwa pakavu. Nataka msomaji alitafakari hilo. Gari lililogharimu mamilioni ya shilingi lilikuwa na maji ndani, na nyumba ya mikeka ilikuwa kavu, mtoto amelala, na kaa la moto bado liko hai katika jiko.

Nyumba hiyo Wasomali huiita aqal, na wengine katika upande wa Garissa husema herio. Mifupa yake ni matawi na mizizi iliyopindwa kama pinde na kufungwa pamoja kwa kamba mpaka ikafanya kuba. Juu yake hutandikwa mikeka minene iliyofumwa kwa nyuzi za magome ya miti, mmoja juu ya mwenzake, na ngozi mahali zinapohitajika. Haina msumari hata mmoja. Kwa kuwa ni mviringo, upepo haupati ukuta wa kuusukuma, huteleza ukapita. Kwa kuwa imefungwa na haikugongomewa, hutikisika lakini haivunjiki. Mikeka ikilowana nyuzi zake huvimba, matundu yakaziba. Upinde ukivunjika, mti uko nje, hukatwa mwingine. Kamba ikikatika, mwanamke aliyeifuma ameketi ndani. Na siku ya kuhama kuba hilo hufunguliwa, zile pinde zikafungwa juu ya ngamia zikawa tandiko, mikeka ikawa matakia, na ndani yake wakapandishwa watoto wachanga na wazee. Hakuna kitu kinachobaki nyuma wala kitu kinachokwenda bila kazi.

Yote hayo ni kazi ya wanawake. Wao ndio hufuma, ndio hujenga, ndio huvunja na kupakia. Nyumba ni ya mke. Kwa desturi huanza nayo siku ya arusi yake, ikiwa imefumwa na mama yake na jamaa zake. Asubuhi ile, matope yakiwa yamefika nusu ya magurudumu yetu, yule bibi alitwambia kupitia kwa mwalimu: “Nyumba yenu iliwachagulia nyinyi mahali pa kulala. Sisi nyumba yetu twaichagulia wenyewe.” Sijasikia hoja iliyokatwa vizuri kuliko hiyo katika mabaraza yetu ya wasomi.

Na jiko lao je? Hapo napo pana somo. Friji la Hadado ni vyombo viwili na ujuzi mmoja. Maziwa hutiwa katika dhiil, kibuyu kilichofumwa kwa nyuzi mpaka hakivuji, na kabla ya kutiwa chombo hicho hufukizwa kwa vijinga vya mti maalumu. Moshi huo huua uoza, na maziwa ya ngamia, ambayo kwa maumbile yake hukawia kuharibika, hukaa yakigeuka polepole kuwa kinywaji kikali chenye harufu ya moshi. Nyama hukatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa, ikahifadhiwa ndani ya samli: hiyo ndiyo nyirinyiri, na hukaa miezi. Mkaa wa pwani atakumbuka papa na ng’onda wa bibi zetu, na yale mabaharia waliyokuwa wakichukua jahazini, tende, samaki mkavu na mchele, pamoja na jiko la sanduku la mbao lililojazwa mchanga ili moto usiunguze chombo. Mabaharia wetu walijua kwamba chakula cha safari ni kile kisichomtegemea fundi. Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nami naongeza: na nyenzo zenyewe ziwe zile uwezazo kuzichonga.

Sisi tuliosomeshwa Kurani tukiwa wadogo haikutupasa kuyashangaa hayo. Katika Surat an-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu awahesabia waja neema zake, na miongoni mwake ataja nyumba zifanywazo kwa ngozi za wanyama, ambazo watu huziona nyepesi siku ya kusafiri na siku ya kutua. Tumeisoma aya hiyo mara ngapi vyuoni, tukiyumbayumba mbele ya mwalimu? Na ni nani katika sisi aliyefikiri kwamba nyumba hiyo iliyotajwa kuwa ni neema iko Kenya hii hii, na kwamba mwenye kuijenga apitapo Garissa huitwa mshamba? Neema iliyotajwa kwa sifa ya wepesi wake, sisi twaidharau kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa nyepesi.

Nisije nikadhaniwa napinga mashine. Siku ya pili tulizipeleka zile chupa za insulini katika zahanati, na huko lilikuwako friji la sola la kuhifadhia chanjo, linafanya kazi barabara, na dawa zikawekwa humo kwa hisani. Chanjo za watoto hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Hapo dhiil haifai, wala moshi haufai, lafaa friji. Ile tochi ya bibi pia ilikuwa ya sola, na simu yake aliichaji kwa kipande cha kioo cha jua alichokifunga juu ya mikeka. Huyo si mtu wa kale aliyekataa dunia. Amechagua. Amechukua kile kilicho chepesi na kinachopona njiani, akaacha kile kinachomfunga.

Hata serikali ilipopata akili ilifuata njia hiyo. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza maktaba ya ngamia huko Garissa, kwa kuwa magari hayakuweza kuwafikia wafugaji katika mchanga ule. Ngamia mmoja huchukua masanduku ya vitabu, mwingine hema, na mtoto wa mfugaji husomea kivulini pa mgunga. Maktaba hiyo haikuja na njia mpya ya kusafiri. Iliazima ile iliyokuwako.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Baada ya ile vuli ya 2019 haikupita miaka mingi mvua zikakatika. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ilifuatana bila ya mvua ya kutosha, jambo lisilowahi kuonekana kwa miaka zaidi ya 40. Katika Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Ngamia ni mvumilivu kuliko ng’ombe, lakini naye alikufa. Na msomaji afahamu: ngamia wa mizigo akifa, nyumba nayo imekufa miguu. Jamaa waliokuwa wakihama na aqal zao wakaketi kando ya miji, katika mitaa iitwayo bulla, wakingoja maji ya lori na chakula cha msaada. Ukipita huko utaziona nyumba zao. Umbo ni lile lile la kuba, mkono haujasahau, lakini badala ya mikeka pana vipande vya turubai, magunia, makaratasi na nguo kuukuu. Msichana aliyezaliwa humo hajafuma mkeka hata mmoja, kwa kuwa hakuna safari ya kuufumia.

Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja El Nino. Watu zaidi ya 100 walikufa katika Kenya, na kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River zikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mwaka uliofuata masika nayo yakatoka kwa hasira. Aprili 2024 basi lenye abiria wapatao 50 lilichukuliwa na maji karibu na Tula, katika njia ya Garissa, na kwa rehema ya Mungu wakaokolewa wote. Mwisho wa mwezi huo huo mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali barabara ilipozama, hapo Kona Punda, ikapinduka, na baadhi yao wakafa maji. Mola awarehemu.

Wengi waliopotelewa na vyombo vyao katika mafuriko hayo walikuwa watu wa bulla. Mfugaji aliye safarini huchagua mwinuko, na wingu likimtisha huondoka. Aliyeketizwa bondeni na shida hana hiari. Turubai alilogawiwa halina wepesi wa aqal wala uzito wa nyumba ya mawe. Likipasuka hakuna ajuaye kulifuma, akangoja jingine. Hali yake imekuwa kama ya yule rafiki yangu kando ya laga: amelazwa mahali na kitu asichoweza kukitengeneza. Ila rafiki yangu ana gari lingine mjini.

Watakuwako watakaonijibu kwamba watu wa Hadado wenyewe wataka nyumba za mawe na bati, shule na umeme, na wewe mtu wa pwani u nani hata uwarudishe kwenye mikeka? Jawabu langu ni kwamba simrudishi mtu. Atakaye mawe na ajenge mawe, na shule na hospitali ni haki yake kama ilivyo haki yangu. Lakini kuacha kitu kwa hiari ni jambo moja, na kunyang’anywa na ukame ni jambo jingine. Tena ukame huu na mafuriko haya hayajaisha. Mtu aishiye katika nchi ambayo mwaka mmoja hukauka na mwaka wa pili huzama ahitaji kujua kuhama kuliko wakati wowote uliopita. Huu si wakati wa kuutupa ujuzi huo.

Sisi wa pwani tuna sababu yetu ya kulisikia jambo hili, kwa kuwa tumekwisha kupatwa nalo. Bibi zetu na babu zetu walikuwa na mtepe. Ulikuwa chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, bila ya msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Ukigonga mwamba hulegea badala ya kupasuka, na ukivuja baharia huushona upya ufukweni. Ni ndugu wa aqal, mmoja wa maji na mmoja wa mchanga. Katika karne ya 20 mitepe ikatoweka. Leo mtoto wa Lamu huutazama mfano wake mdogo katika jumba la makumbusho. Mwaka 2003 ulishonwa mmoja Zanzibar, ukapewa jina la Shungwaya, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Na Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Ujuzi ukishatoka mikononi ukatiwa katika jumba, maisha yake huwa ni maisha ya jumba lile.

Na pamoja na mtepe zilikwenda nyimbo zake. Hilo ndilo lililonipeleka Hadado mimi mtunzi wa mashairi. Wanawake wa Kisomali wana utungo wao wenyewe uitwao buraanbur, na zaidi ya huo wana nyimbo za kazi, za kufuma mkeka, za kupakia ngamia, za kutikisa maziwa. Ukimsikiliza mwanamke akiimba huku akifuma utaona mkono wafuata wimbo, na wimbo wahesabu nyuzi. Siku mkeka utakapokoma, wimbo utakuwa hauna la kufanya, na wimbo usio na kazi hausahauliwi kwa chuki, husahauliwa tu.

Basi nini kifanyike? Nataja manne, wala si makubwa. La kwanza, kaunti na mashirika ya msaada, kabla hayajagawa turubai, yawaite akina mama wa bulla yawaulize nyumba gani yafaa na isimamishwe wapi. Wao ndio wahandisi wa jambo hilo. Pengine watasema tupeni ngamia wawili wa mizigo na nyuzi, tutafuma wenyewe. La pili, vyuo vya ufundi vya Wajir na Garissa viwafundishe wasichana na wavulana kutengeneza sola, pampu na friji, ili vyombo vipya navyo vipate mikono karibu yake, kama mikeka ilivyo nayo. La tatu, walimu na watunzi waziandike nyimbo hizo na majina ya kila kipande cha aqal, maadamu wenye kuyajua wako hai. La nne ni la wenye magari-nyumba: mchukue vyombo vichache, mjifunze kuvitengeneza kabla ya kutoka, na mkifika ugenini mumuulize mwenyeji pa kusimama kabla ya kuliuliza friji.

Wahenga wetu walituonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako na wajua kuushona. Sisi nasi tuna mikeka, tuna ukili, na wako wazee wachache majumbani ambao vidole vyao bado vyakumbuka kusuka. Msomaji aliye na bibi wa namna hiyo asingoje. Amwendee leo, amwamkie, na amwombe amfundishe mshono mmoja.